Kineno Nyuma ya Mama

Iida, Nagano
24 Novemba 1986

Mdogo wangu Tomie,

Baridi imeshuka bondeni mapema mwaka huu na vilele vya mashariki vimeshakuwa vyeupe. Natumaini ulifika salama, na kwamba baridi ya huko Manchuria, ambayo mifupa yangu ingali inaikumbuka, haijakuonea. Sisi tuko katika kumenya matunda ya kaki. Yamening'inia kwenye kamba chini ya paa lote, na mikono ya mke wangu Nobue imekuwa myeusi kwa utomvu. Anakusalimu.

Baada ya salamu, sijui nipite njia ipi, kwa hiyo nitapita katikati. Namwomba huyo Mzee Gu anayekusomea na kukuandikia aisome barua hii polepole.

Siku ile ya kuagana Tokyo, kwenye ukumbi ambamo serikali ilitukutanisha na ninyi mliobaki China baada ya vita, mkalimani aliitwa kwenye meza ya familia nyingine. Ukamshika Mama mkono wa kimono, ukaanza kusema naye Kijapani chako mwenyewe, kile ulichojifunza redioni. Ulisema: "Mama ndiye kutupa. Haiwezekani. Haiwezekani." Ulikuwa unalia. Kisha basi lenu likaja, nawe ukaondoka.

Mimi na Mama tulikuelewa. Neno hilo la kutupa hatulitumii kwa takataka peke yake. Ndilo tunalomsemea mama aliyemwacha mtoto wake njiani.

Tangu siku hiyo Mama hakai nasi kwenye meza yetu ya kipupwe, ile yenye joto chini yake. Anakaa varandani na kisu chake, anamenya. Jirani mmoja alimtania, "Kiyono, mwaka huu umeolewa na kaki nini?" Hakuinua hata macho. Juzi aliniuliza jambo moja tu: "Ile haiwezekani yake, ni kunisamehe ndiko hakuwezekani?"

Tulikwambia Tokyo kwamba tulipotezana katika msongamano wa wakimbizi. Nilimwacha mkalimani akufikishie hivyo, nami nikaangalia meza. Sasa naona kuwa ulikuwa unajua siku zote, na ulikuwa unatutazama tukidanganya. Basi ngoja niseme mimi yale ambayo Mama hawezi.

Hatukupotezana. Agosti ile ya 1945, Japani ilipokuwa inashindwa vita, Baba na wanaume wengine wa kijiji cha walowezi walikuwa wameshachukuliwa jeshini, na hawakurudi. Tulikimbia kwa miguu, mvua inanyesha. Mimi nilikuwa na miaka minane, nina homa, miguu imevimba, siwezi kusimama. Wewe ulikuwa na minne. Mama aliweza kubeba mtoto mmoja. Karibu na Fangzheng alisimama kwenye nyumba ya wakulima, mwanamke mmoja akatoka, Mama akakusukuma mbele yake. Kisha akanipandisha mgongoni akaondoka. Nilikuwa macho, Tomie. Nilikusikia.

Kama unatafuta wa kulaumu, mlaumu aliyebebwa, usimlaumu aliyebeba. Ila mwandikie Mama, hata mstari mmoja. Ana miaka sabini na sita, na sijui atapita vipi kipupwe hiki akiwa hivi alivyo.

Kuhusu kuja kuishi kwetu, chumba cha upande wa bustani bado ni chako. Hata kama una hasira, njoo nazo.

Kaka yako,
Masatsugu


Fangzheng, Heilongjiang
19 Desemba 1986

Kaka Masatsugu,

Barua yako imefika. Mzee Gu aliisoma kwa sauti, lenzi yake mkononi, akitafsiri sentensi moja moja. Alipofika kwenye "Hatukupotezana" akaitazama sentensi inayofuata, akaishusha lenzi. Nikamwambia, Mzee, endelea. Akaniuliza, "Binti yangu, una hakika?" Nikadhani Mama amekufa.

Kaka, mimi sikuwa najua.

Nilipokuwa mdogo hapa kijijini niliambiwa mama yangu Mjapani alikufa kwa homa kando ya mto. Nilipokuwa mtu mzima nikaambiwa huenda yu hai. Tokyo mkaniambia tulipotezana, nikaamini, nikafurahi hata, maana anayepotea hutafutwa. Sasa wewe umeniletea habari nyingine, ukidhani unajibu mashtaka yangu. Sikumshtaki mtu. Nimekaa na barua hii tangu juzi na bado sielewi nimefanya nini hadi nikaipata.

Nikamweleza Mzee Gu nilichotaka kusema siku ile. Akaniamuru nisimame nikiseme kama nilivyokisema. Mzee huyu alifundishwa Kijapani kwa fimbo ujanani, wakati Wajapani walipotawala huku, na fimbo ile haijamtoka. Niliposema, alicheka. Kisha akaniona uso, akaacha.

Anasema kwa Kijapani kuna kineno kinachobandikwa nyuma ya jina la mtu, na hicho ndicho kinachoonyesha nani katenda na nani katendwa. Ukibandika "ga" nyuma ya Mama, Mama ndiye aliyefanya. Ukibandika "o", Mama ndiye aliyefanyiwa. Sisi Wachina hatuna vitu hivyo, tunapanga maneno tu, la kwanza mbele na la pili nyuma. Mimi nilitaka kusema: kumtupa Mama, haiwezekani. Nilihitaji "o". Nikasema "ga".

Na mama niliyemtaja si yule niliyemshika mkono. Ni Mama Qiu, aliyenilea. Jicho lake moja limekufa na la pili linafuata, na hawezi kwenda chooni bila kushika bega langu. Ninyi mlikuwa mmenionyesha picha ya chumba cha bustani, mkisema njoo, njoo, na mtu wa wizara amekaa pale na kalamu, akingoja jibu langu. Mkalimani kaondoka, basi langu linakuja, nami nikataka Mama ajue kwamba sikatai kwa dharau. Nina mama mwingine siwezi kumtupa. Ndiyo maana nilikuwa nalia.

Jana nilimuuliza Mama Qiu. Alikuwa anakanda unga wa tambi. Nikamwambia, kaka yangu anasema nilisukumwa mbele yako. Akaugeuza unga, akasema, "Hakukusukuma. Mimi nilikuvuta." Anasema alikuwa amezika mtoto wake wakati wa mavuno ya ngano. Alimwona mwanamke na watoto wawili, akaona hafiki popote nao. Akasema niachie wa kike. Mwanamke akatikisa kichwa kukataa. Mama Qiu akanishika mkono akavuta, na hakuachia.

Sasa niambie, kaka. Ulikuwa macho, umesema. Nilivutwa au nilisukumwa? Na ulinisikia nikisema nini? Nililia kwa lugha gani?

Usimwambie Mama kwamba nilikosea. Au mwambie. Sijui. Nilikosea kineno kimoja, na kile nilichosema kwa kukosea kumbe kilitokea. Nikilisahihisha kosa langu leo, nitakuwa nimesema kweli au nimedanganya? Mzee Gu naye hajui, na yeye ni mwalimu.

Mdogo wako,
Tomie (Song Yuzhen)


Iida
17 Januari 1987

Mdogo wangu Tomie,

Mwaka mpya umeingia na theluji hadi magotini. Nilikuwa nimeazimia kukaa kimya hadi uamue, lakini uso wangu hauna mlango. Asubuhi ya mwaka mpya, tukiwa kwenye supu ya vinyunya vya mchele, Mama aliniuliza kama umejibu. Nikamwambia yote.

Nilitegemea atafurahi. Aliweka vijiti chini.

"Kwa hiyo hakuwa anajua," akasema.

Nikamwambia hakuwa anajua.

"Nani amemwambia?"

Sikujibu, na hapo akajua. Mama hajawahi kunipigia kelele maisha yangu yote, na siku hiyo pia hakupiga. Alisema kwa sauti ya kawaida, "Miaka arobaini nimelibeba jambo hili mdomo umefungwa. Wewe umelibandika stempu ukalitia kwenye sanduku la posta." Nobue akaongezea chumvi, kama kawaida yake: "Mume wangu huyu, ukimuuliza saa, atakutajia na ukoo wa fundi aliyeitengeneza." Sikuweza kumkasirikia. Nisamehe, Tomie. Nilidhani nazima moto, kumbe nyumba yako haikuwa inaungua.

Nilimweleza Mama pia aliyosema Mama Qiu, kwamba alikuvuta. Akatikisa kichwa mara moja. "Hakuna aliyevuta," akasema. "Huyo mwanamke ananifichia aibu." Baadaye jioni akaniuliza kama huyo Mama Qiu bado ana meno, na anapenda kula nini.

Unaniuliza ulilia kwa lugha gani. Ulisema "Kaka". Hukumwita Mama, uliniita mimi. Hilo sijawahi kumwambia mtu, hata Nobue.

Sasa ile simu ya jana. Ilitushtua sote, maana sikujua kwamba posta ya kwenu inaweza kuunganisha hadi huku. Laini ilikuwa inavuma kama upepo kwenye bomba. Mama alininyang'anya simu nilipokuwa bado nakusalimu, na nilimsikia akisema "ndiyo, ndiyo, ndiyo" hadi ikakatika. Tangu hapo amebadilika kabisa. Anasema umemwambia: "Mama ndiye kuja. Machipuko." Ameshamtuma Nobue dukani kuangalia viatu vya mpira vya wazee. Mtu huyu hajavuka bahari tangu atoke kwenye meli ya wakimbizi, na kupanda ngazi kwake ni kwa hatua ya mtoto.

Niambie ukweli. Ulimwalika, au ni hiyo "ga" yako tena? Jibu haraka kabla viatu havijanunuliwa.

Masatsugu


Fangzheng
8 Februari 1987

Kaka,

Ni hiyo "ga" tena.

Nilikuwa nimefanya mazoezi na Mzee Gu siku nzima, hadi posta. Nilitaka kusema: nitakuja kwa Mama, wakati wa machipuko. Nimtembelee tu, kisha nirudi. Kineno kinachotakiwa hapo ni "ni", anasema, na nilikuwa nacho mdomoni hadi niliposikia sauti ya Mama. Nikasikia anavyopumua, na vyote vikanichanganyikia. Mzee Gu alikuwa amesimama kando yangu. Alifunika macho kwa kofia. "Binti," akasema tulipotoka nje, "kwa kineno kimoja umemtoa kikongwe nyumbani kwake."

Nilirudi nikamwambia Mama Qiu nilivyovuruga. Nilitegemea asikitike au acheke. Aliuliza kama Mama ana afya ya kusafiri. Nikasema kidogo. Akasema, "Mwache aje. Nataka kumshika uso nijue kama ni yule."

Basi, kaka, nilichosema ndicho nilichosema. Usimsahihishie. Nunueni viatu.

Lakini nakwambia wewe, na Mzee Gu anaandika huku akinikazia macho: sijui nitakuwaje akifika. Kuna asubuhi naamka nikiwa na huruma naye hadi nashindwa kuwasha jiko. Mchana namwangalia mtoto wa jirani, ana miaka minne, anaokota vijiti uani, na najiuliza mkono gani unaweza kumsukuma mtoto kama huyu. Kisha narudi kwenye huruma. Wala sijui nitamwita vipi. Nikisema "Mama" uani kwetu, wataitika wawili, au hakuna atakayeitika.

Uje naye. Peke yake hataweza.

Tomie


Iida
3 Juni 1987

Mdogo wangu Tomie,

Nimefika salama na nimekuta matufaha yamebanana kwenye matawi, yanataka kupunguzwa kabla hayajaharibiana. Nobue alishaanza peke yake kwenye ngazi, na amenipokea kwa maneno ambayo sitayaandika. Kwanza alidhani natania nilipomwambia nimemwacha Mama kwenu hadi mwisho wa mwezi. "Umeenda na mama, umerudi na begi," akasema.

Asante kwa kila kitu. Mume wako alinipa kitanda chake mwenyewe, kile cha udongo chenye moto chini, na sasa mgongo wangu unalalamika kwa nini hapa hakuna kama hicho.

Nimekuwa nikifikiria, nikiwa juu ya ngazi, ule ugomvi wa siku ya kwanza. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi. Nilijua Mama atainama hadi paji la uso liguse udongo, na aliinama. Nilijua Mama Qiu atampapasa uso, na alimpapasa. Sikujua kwamba baada ya chai watagombana. Mama anasema, "Nilimsukuma, mwambie, Mwalimu." Mama Qiu anasema, "Mwambie aache upuuzi, nilimvuta." Na Mzee Gu masikini katikati, anafuta jasho, anatafsiri huku na huku, hadi akaanza kumwambia kila mmoja maneno yake mwenyewe kwa lugha yake mwenyewe. Nilicheka. Kisha nikatoka nje, maana niliona kila mmoja anaipigania hatia ile kama kipande cha mwisho cha nyama, na hakuna anayetaka mwenzake aile.

Wewe ulikuwa umekaa mlangoni unachambua mboga. Sikuthubutu kukuuliza unamwamini nani.

Nilikwambia nilikuwa macho. Nilikuwa macho, lakini nilikuwa na homa, na miaka minane. Tangu utoto picha niliyokuwa nayo ni ya mgongo wako ukisukumwa. Sasa tangu niwasikilize hao wawili, nikifumba macho naona mkono wako mdogo na mikono mingine miwili, na sijui ipi inavuta na ipi inasukuma. Sikumbuki tena. Naogopa kwamba hata lile "Kaka" nililokuandikia nililisikia baadaye, ndotoni. Lakini usiniombe nilifute.

Mama yuko vipi? Anakula? Unamwelewa anapokusemesha?

Masatsugu


Fangzheng
21 Juni 1987

Kaka,

Mama anakula. Anakula kuliko mimi. Mama Qiu amemzoesha mtama wa asubuhi na vitunguu vibichi, na jioni wanaoshana miguu kwenye beseni moja. Mzee Gu haji tena kuwatafsiria, wamemfukuza. Mama anasema Kichina chake cha walowezi, cha kuagiza vibarua na kununua chumvi, na Mama Qiu anamjibu kwa sauti kubwa, kama vile kutoelewa ni uziwi. Majirani walikuja siku za kwanza kumwangalia mwanamke wa Kijapani. Sasa hawaji. Amekuwa kikongwe mwingine tu wa uani.

Tulikwenda mahali penyewe, ilipokuwa nyumba ile ya zamani, sote watatu, kwa mkokoteni wa mume wangu. Siku hizi kuna tanuri la matofali hapo. Mama aliangalia kila upande akasema si hapa. Mama Qiu, ambaye haoni, akasema ni hapa. Walibishana tena hadi watu wa tanuri wakaacha kazi. Mimi nilitembea peke yangu hadi ukingoni nikajaribu kukumbuka chochote: mvua, mgongo wa mtu, jina la mtu. Hakuna kilichokuja. Niliona aibu, kana kwamba nimewaleta wazee wawili kwenye mazishi na marehemu ni mimi na sijajitokeza. Tukarudi.

Unaniuliza kama namwelewa. Anapotaka nimwelewe anatumia maneno machache na anayasema mojamoja, kila moja na kineno chake, akinisubiri. Mengine nakosa. Nikikosea siku hizi hanisahihishi, ananiuliza tena tu.

Nakwandikia lililotokea leo asubuhi. Mzee Gu anaandika, lakini nimemwomba asitie maneno yake. Tulikuwa uani, mimi na Mama peke yetu, tunavua nyuzi za maharage mabichi. Mama Qiu alikuwa amelala ndani. Mama hakuacha kazi wala hakuniangalia. Aliniuliza, kwa maneno rahisi kabisa, "Unanichukia?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo tangu Desemba. Nilikuwa na jibu zuri, Mzee Gu amelinyoosha, kila kineno mahali pake. Halikuja.

"Siku zingine," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akavuta uzi wa haragwe lake hadi mwisho.

"Leo je?"

Nikafikiri. Nilifikiri kwa kweli, kaka, kwa sababu aliuliza kwa kweli.

"Leo bado sijajua."

"Basi nitangoja," akasema. "Asubuhi ndiyo kwanza imeanza." Akalisogeza bakuli katikati yetu ili nami nilifikie, tukaendelea na maharage.

Mdogo wako,
Tomie